Mti bila jina, mfanyakazi bila matricule



Juma hili hatuandiki juu ya mushahara, wala juu ya bei ya unga. Tunaandika juu ya mti. Tunajua wengine watacheka: "Sindika imekosa kazi, sasa inahesabu majani!" Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Hii habari ya mti iko na haki ndani yake, iko na afya ya watoto ndani yake, na siye wenyewe tuko ndani yake.

Neno letu ni moja tu: kitu ambacho hakijaandikwa hakina mutetezi. Siye wa mugodi tunajua hilo kwa mwili wetu. Kijana anachukuliwa na sous-traitant, anafanya kazi miezi mitatu, miezi sita, bila contrat, bila matricule. Siku jiwe linamwangukia, bibi yake anafika ku biro na mtoto mgongoni. Wanafungua liste, wanafuata majina kwa kidole toka juu mpaka chini, kisha wanasema: "Mama, uyu mutu hatumujue." Mtu alikuwa, jasho lake lilikuwa, wenzake walimuona kila siku. Lakini kwa karatasi hakuzaliwa, basi hata kufa hakufa.

Mti, ao ua dogo lililo juu ya mulima wa shaba, liko vile vile. Mashini inafika asubuhi. Kama hakuna mtu aliyeandika kwamba pale paliota kitu kisichoota pengine duniani, basi jioni wote wanarudi nyumbani na hakuna kilichopotea. Hakuna anayeweza kudai kitu ambacho hakikuwa na jina.

Tuanze na mti ambao kila mtu wa Katanga anaujua: mukaliptusi, wengine wanasema mukaratusi. Uko kando ya njia, uko ku misheni, uko nyuma ya masomo. Mtoto akiwa na mafua, mama anachemsha majani yake na kumfunika blanketi avute mvuke. Lakini kwetu huu mti ni mgeni. Kila mukaliptusi unaouona hapa, nyuma yake kuna mkono wa mtu aliyeleta mbegu. Kwao ni Australia, ambako wanahesabu aina zaidi ya 700. Ni chache tu zinazoota zenyewe inje ya Australia, kama vile ku Papua Nugini, Timor, Indonesia na Ufilipino.

Nani aliupatia jina? Vitabu vinajibu: Charles-Louis L'Héritier, Mfaransa, mwaka 1788. Alichukua maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kufunikwa vizuri," juu ua lake kabla halijafunguka liko na kifuniko kidogo, sawa kofia, na ile kofia inaanguka siku ua linapotoka. Lakini L'Héritier hakufika Australia hata siku moja. Aliona tawi lililokauka, London. Lile tawi lilikatwa mwaka 1777 ku kisiwa cha Bruny, karibu na Tasmania, na David Nelson, mfanyakazi wa bustani ya Kew, aliyepanda merikebu za Kapiteni Cook ili aokote mimea. Nelson alikufa mwaka 1789 ku Kupang, Timor, mbali sana na kwao. Mwenye kuandika kitabu alikuwa mukubwa. Mwenye kukata tawi, kulikausha na kulichunga katika merikebu yenye maji na panya, alikuwa mutu wa mikono sawa siye. Bila ile mikono, kitabu hakingekuwa na neno la kusema.

Mtu anaweza kufikiri kwamba tangu ule wakati wenye elimu walimaliza kuandika miti yote. Sivyo. Mwaka 1985, karibu na Mongarlowe, kijiji cha jimbo la New South Wales ambako watu walichimba dhahabu katika karne ya 19, kulionekana mukaliptusi ambao haukufanana na mwingine. Usifikiri mti mrefu sawa ile ya kwetu. Ni kichaka, vigogo vyembamba vingi vinavyotoka kwa shina moja lililo chini ya udongo. Majani yake ni madogo, yanaota mawili mawili kwa kuelekeana, na ncha yake inapinda kurudi nyuma. Kwa miaka zaidi ya mia moja watu walikuwa wanachimba, wanafuga na kukata kuni katika ile inchi, na ule mti haukuwa katika kitabu chochote.

Mwaka 1988 mtaalamu Michael Crisp aliandika maelezo yake na kuupatia jina: Eucalyptus recurva, juu ya ile ncha yenye kupinda. Mpaka leo miti yake inayojulikana haifiki kumi. Iko mbali mbali, hata nyuki anashindwa kutoa unga wa ua moja kupeleka kwa lingine, ndiyo maana mbegu nzuri ni shida. Na shina la chini ya udongo linakua polepole sana, mpaka wataalamu wanakadiri umri wake kwa maelfu ya miaka. Yaani ule mti ulikuwa pale mbele ya wafalme wengi tunaowasoma ku masomo.

Sasa tazameni vizuri. Kama katika mwaka 1984 mtu angepeleka mashini pale na kung'oa kile kichaka, hakuna angesema neno. Leo sheria ya Australia inakiweka katika liste ya mimea iliyo karibu kabisa kupotea, na mwenye kukigusa anajibu. Mti ni ule ule, udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni karatasi. Ndiyo siye tunaita nguvu ya kuandikwa.

Na kuandika mti ni kazi, si kupiga foto moja na telefone na kuitupa ku WhatsApp. Mikaliptusi inafanana sana. Kwa kujua kama huu ni mwingine, wanatazama gome: linabanduka ama linashika? Wanatazama majani ya utoto na majani ya ukubwa, juu mara nyingi hayafanani, mti mmoja unaweza kukudanganya sawa watu wawili. Wanahesabu vichipukizi vya maua: vinakaa vitatu pamoja, ao saba? Ile kofia iko butu ao iko na ncha? Wanachukua tunda kavu, wanatazama umbo lake na vitundu vinavyotoa mbegu. Wanaandika mahali, siku, aina ya udongo, na miti mingapi waliyoona. Kisha wanakata tawi dogo, wanalikausha katikati ya karatasi, wanalipeleka ku herbarium, ile nyumba ya kutunzia mimea iliyokaushwa, na wanalilinganisha na mengine yote. Kama halifanani na lolote, ndipo wanaandika jina jipya, na lile tawi linabaki shahidi. Miaka mia ikipita, mtu akibisha, wanaita shahidi.

Wachimbaji wa Australia wako na sababu nyingine ya kuheshimu ule mti. Mwaka 2013 watafiti wa CSIRO, Mel Lintern na wenzake, walionyesha kwamba mikaliptusi iliyoota juu ya dhahabu karibu na Kalgoorlie ilikuwa na dhahabu ndani ya majani. Ile dhahabu ilikuwa chini metre 30 hivi. Mizizi ilishuka kutafuta maji, ikanywa na dhahabu kidogo, mti ukaisukuma mpaka ku majani. Msikimbie kukata miti: Lintern mwenyewe alieleza kwamba miti 500 ingetoa dhahabu ya pete moja tu ya ndoa. Faida yake ni habari. Jani linaweza kusema kilicho chini kabla mtu hajatoboa shimo.

Wazee wa Katanga wakisikia hivi watatabasamu. Hao walijua kusoma majani mbele ya ile CSIRO kuzaliwa. Walikuwa wanapita ndani ya miombo, miti mingi, kivuli, kisha ghafula wanakuta mulima ulio wazi, hauna miti, uko na majani na maua madogo tu. Walijua: hapa chini kuna shaba. Mti mkubwa hauwezi kuvumilia ile shaba nyingi, inamuua sawa sumu. Lakini kuna mimea midogo iliyojifunza kuishi pale. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, ndugu wa majani ya lumba-lumba, na maua yake ya zambarau. Wazungu waliuita ua la shaba. Unapenda shaba mpaka wenye kuchimbua mambo ya kale waliufuata na kugundua mahali wazee waliyeyushia shaba zamani. Tanuru lilivunjika, watu wakahama, lakini ua lilibaki pale kusema: hapa babu zenu walifanya kazi.

Ndiyo sababu tulianza na mukaliptusi wa mbali. Mti wa Mongarlowe ni wa Australia, waachieni waulinde. Lakini siye tuko na Mongarlowe yetu, na si moja. Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi iko milima ya shaba zaidi ya mia moja, kila mmoja sawa kisiwa katikati ya miombo. Paul Duvigneaud, Mbelgiji, alianza kuandika mimea yake kwa uangalifu katika miaka ya 1950. Tazameni majina yenyewe: Crotalaria cobalticola, mwenye kukaa katika kobalti, Acalypha cupricola, mwenye kukaa katika shaba. Mimea iliitwa kwa jina la kazi yetu! Mwaka 2010 watafiti wa Ubelgiji na wa Lubumbashi walihesabu aina 32 zinazoota kwa udongo wa shaba na kobalti wa Katanga tu, si pengine duniani. Na wakasema wazi kwamba nyingi ziko hatarini, juu milima yake ndiyo ile inayochimbwa. Sasa, kama aina zilizoandikwa ziko hatarini, je, zile ambazo hakuna mtu amezipatia jina?

Hapa ndipo tunasikia maneno ya wenzetu, na tunayaheshimu juu ni maneno ya njaa. "Mutoto wangu atakula maua?" Hapana, hatakula. "Munataka mugodi ufungwe?" Hapana, hatutaki. Siye ni wachimbaji, shaba ndiyo iliyotusomesha na ndiyo inalipa nyumba. Anayetuambia kuchagua kati ya mkate na ua anatudanganya, juu kuandika mimea ya mulima kunafanyika mbele ya mashini kuanza, si kwa kuzuia mashini milele. Ku Tenke-Fungurume wataalamu wa Université de Lubumbashi na wa Gembloux waliorodhesha mimea, mbegu ziliokotwa, na sehemu za udongo na majani yake zilihamishwa. Kazi ya mugodi iliendelea. Basi inawezekana. Tunachouliza ni kwamba ifanywe kila mahali, na ifanywe mbele ya macho yetu.

Na tusisahau faida ya nyumba zetu. Mnajua ule udongo mwekundu, mtupu, ulio upande upepo ulikopeleka moshi wa shimini ya Lubumbashi. Hakuna kinachoota, na wakati wa baridi na jua vumbi lake linaingia kwa madirisha, kwa sufuria, kwa vifua vya watoto. Ku Penga Penga watafiti wa Université de Lubumbashi walijaribu kufunika udongo wa namna hiyo kwa majani ya Microchloa kunthii, yanayovumilia shaba, pamoja na chokaa na mbolea, na majani yakashika. Mahindi hayawezi kufanya hiyo kazi, na mukaliptusi hauwezi kuifanya. Mmea uliozaliwa ku mulima wa shaba unaweza. Siku tutakapotaka kufunika rejets na vumbi lake, tutatafuta mbegu wapi kama milima yote imekwisha na hakuna aliyechunga hata gunia moja? Anayetupa ile mbegu leo anawanyima watoto wetu dawa ya vumbi ya kesho.

Basi siye wa sindika tunaomba nini? Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai étude d'impact, inadai cahier des charges pamoja na jamii, na inaweka asilimia 0,3 ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya jamii. Milango iko, tuingie. Tunaomba kwanza kwamba liste ya mimea ya kila mulima iwe ndani ya étude d'impact kabla ya mine mpya ao sehemu mpya kufunguliwa, na mukutasari wake usomwe kwa Kiswahili mbele ya wakaaji na wafanyakazi. Karatasi ya kurasa mia tano kwa Kifaransa kigumu, iliyofungiwa ndani ya armoire, haijaandikwa kwa ajili yetu.

Tunaomba tena kwamba mfanyakazi akiona kitu asichokijua aweze kusema bila kupoteza prime yake. Mwenye kuendesha mashini ndiye anaona mulima kwa mara ya mwisho jinsi ulivyo. Géologue amepita na kwenda, mkubwa anaona ramani, lakini dereva anaona ua. Kama akisimamisha mashini dakika kumi na shefu anamkata pesa, kesho ataona na kunyamaza. Sawa vile tunavyodai haki ya kukataa kuingia chini ya ukuta wenye nyufa, tunadai na haki ya kusema: "Shefu, hapa kuna kitu, muite watu wa université."

Na tunaomba jina la mwenye kuona liandikwe kwa karatasi ya mmea. Yule wa bustani ya Kew aliandikwa, ndiyo maana miaka zaidi ya mia mbili imepita na siye wa Katanga tumemtaja leo kwa jina. Fundi wa Kambove, kreseri wa Kolwezi, ao mama wa Kipushi anayeokota uyoga, naye akiona kwanza, aandikwe. Siyo zawadi, ni haki ya kazi.

Kwa sasa, tusingoje kampani wala État. Ukikuta mmea usioujua juu ya mulima wa shaba, usiung'oe. Piga foto ya mulima mzima, kisha ya mmea mzima, kisha ya jani pande zote mbili, ya ua na ya tunda. Weka biki ao sarafu kando ili ukubwa wake uonekane. Andika siku, mahali, umeona mingapi, na wazee wa kijiji wanauita namna gani, juu jina la wazee nalo ni karatasi. Kama iko mingi, kata tawi dogo moja lenye ua. Kama iko miwili ao mitatu tu, usikate kitu, foto inatosha. Tawi liweke katikati ya gazeti, hata hili hili ukimaliza kulisoma, weka kartoni huku na huku, na jiwe zito juu. Badilisha karatasi kila siku mpaka likauke, lisije kuoza. Kisha mpatie delege wako, ao peleka mwenyewe ku Faculté ya agronomie ya Université de Lubumbashi. Na mahali penyewe usipatangaze ovyo ovyo, juu kitu adimu kikijulikana na wote kinang'olewa na wote.

Ba mwalimu wa masomo ya makambi, mnaweza kuwatoa watoto siku moja ya mvua, wakati maua yametoka, wahesabu aina ngapi ziko ku mulima ulio karibu. Wafanye liste yao. Mtoto aliyejifunza kuandika ua lisilojulikana, kesho atajua kuandika ajali iliyofichwa, saa za kazi zisizolipwa, na jina la baba yake lililokosekana kwa liste.

Delege wote: kwa mkutano unaokuja na wakubwa, kando ya mushahara, viatu na maski, tieni mustari mmoja zaidi. Ulizeni: liste ya mimea ya huu mulima iko wapi, nani aliifanya, na mwaka gani? Wakileta, someni. Wakikosa, andikeni kwa procès-verbal kwamba wamekosa, na wote watie sinyatire.